Uvimbe wa Ini: Picha Itangulie Kisu

Katika mitaa ya Buswelu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria, mtu agunduapo kwamba ana kitu kigumu chini ya mbavu za kuume, hukumu mbili humngoja kabla hajafika zahanati. Ya kwanza hutolewa na majirani: kwamba amerogwa, au kwamba bandama limempanda, na kwa hiyo achanjwe tumboni. Ya pili hutolewa na ndugu waliokwenda shule: kwamba hiyo ni saratani, na sasa limebaki la kumwomba Mungu tu. Hukumu hizi huonekana kama zinapingana, lakini kwa kweli ni ndugu wa baba mmoja. Zote mbili hutolewa na watu ambao hawajakiona kitu chenyewe kilichomo ndani.

Nia ya makala haya ni kutetea jambo moja. Uvimbe wa ini, hata ukiwa mkubwa kama kichwa cha mtoto, usiguswe kwa wembe wa mganga, wala kwa sindano, wala kwa kisu cha daktari, mpaka picha yake imepigwa na kusomwa na mtu ajuaye kuisoma. Aidha, mara nyingi baada ya picha hiyo kusomwa itaonekana kwamba tiba iliyo bora ni kuuacha uvimbe ulivyo. Huenda mwalimu akauliza mambo haya yanamhusu nini yeye na darasa lake, ilhali ni kazi ya madaktari. Yanamhusu sana. Uamuzi wa kwanza haufanywi hospitali; hufanywa nyumbani, jioni, na mara nyingi kijana wa kidato cha tatu ndiye anayeulizwa na wazazi wake maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daktari.

Tuanze na ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Limekaa chini ya kiwambo, upande wa kuume, likilindwa na mbavu. Hupokea damu kwa njia mbili: sehemu ipatayo robo huletwa na ateri, na robo tatu zilizobaki huletwa na vena kubwa inayokusanya damu kutoka matumboni na katika bandama. Kwa jumla, damu ipitayo katika ini kwa dakika moja ni karibu lita moja na nusu, yaani kama robo ya damu yote isukumwayo na moyo wa mtu aliyepumzika. Mwanafunzi akiishika hesabu hiyo ataelewa mara moja kwa nini wapasuaji wa zamani waliliogopa ini kuliko kiungo kingine chochote cha tumbo. Jambo jingine ni kwamba nyama ya ini haina neva za maumivu. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayolifunika, pale inapovutwa. Ndiyo maana uvimbe waweza kukua kwa miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote, hata siku moja anapofunga mkanda akaona mkanda hautoshi.

Sasa, vitu vinavyoweza kulivimbisha ini ni vingi, na hapa ndipo mambo yanapochanganyika. Kwa wakazi wa mwambao, la kwanza la kufikiriwa si uvimbe wa pekee hata kidogo, bali kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi katika vena za matumbo, na mayai yake huchukuliwa na damu hadi katika ini, yakazua makovu kandokando ya mishipa. Damu ikikosa njia, bandama hukua, tumbo hujaa, na mgonjwa aweza kutapika damu. Mtu huyo hana kitu cha kukatwa. Anahitaji dawa ya prazikwanteli, na anahitaji kuacha kuoga na kufua ziwani mahali penye konokono. Kumchanja tumboni ni kumwongezea jeraha juu ya ugonjwa. Lipo pia jipu la ini litokanalo na amiba, ambalo huja na homa na maumivu makali. Hilo, tangu wataalamu wa Durban walipoonyesha mwaka 1966 nguvu ya metronidazoli, mara nyingi hupona kwa vidonge tu.

Ukiyatoa hayo, unabaki uvimbe wa kweli, nao una makundi mawili: ule wa saratani na ule usio wa saratani. Nisieleweke vibaya. Katika nchi zetu saratani ya ini ipo, tena huwapata hata watu ambao hawajazeeka, kwa sababu ya virusi vya homa ya ini aina ya B na sumu ya ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo walizaliwa kabla yake. Yeyote amwambiaye mgonjwa kwamba uvimbe wake si kitu, pasipo kuupima, anamdanganya sawasawa na yule amwambiaye kwamba amekwisha kufa.

Lakini uvimbe usio wa saratani nao ni wa kawaida zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ulio wa kawaida kuliko wote ni hemanjioma, ambayo si kitu ila fundo la vijishipa vya damu vilivyopanuka. Watu wengi wanayo hadi wanazikwa wasijue. Huonekana zaidi kwa wanawake. Ikipita sentimita 5 vitabu vingi huiita kubwa, na zipo zinazopita sentimita 10 hata kuufikia upana wa sahani. Hata hivyo haigeuki kuwa saratani, na kupasuka kwake kwenyewe ni jambo la nadra sana. Hatari yake kubwa, kwa maoni yangu, imo mikononi mwa watu: anayeidunga sindano nene bila kujua ni nini anatoboa mfuko wa damu.

Aina ya pili ni rundo la chembe za ini zilizoongezeka kuuzunguka mshipa uliokaa vibaya. Katikati yake mara nyingi huwa na kovu lenye umbo la nyota. Nalo pia huachwa. Ya tatu ni adenoma, na hii si ya kuachwa hivi hivi. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani, Janet Baum na wenzake, walieleza katika jarida la Lancet kwamba huenda kuna uhusiano kati ya uvimbe huu na vidonge vya majira. Uhusiano huo ulithibitika baadaye. Wasomaji wa kike wasiogope kupita kiasi: makisio ya miaka hiyo ya 1970, wakati vidonge vilipokuwa na nguvu kuliko vya leo, yalikuwa wanawake 3 au 4 kwa mwaka katika kila 100,000 waliovitumia kwa muda mrefu. Lakini adenoma iliyopita sentimita 5 yaweza kutoa damu ghafla, na chache hugeuka kuwa saratani. Mwanamke mwenye nayo huambiwa kwanza aache vidonge, apimwe tena baada ya miezi kama 6, na isiponywea ndipo kisu hufikiriwa. Kwa mwanamume huondolewa hata ikiwa ndogo, maana kwake hatari ya saratani ni kubwa zaidi. Vijana wanaojidunga dawa za kukuza misuli nao wajue kwamba wamo katika hesabu hii.

Mbali na hizo kuna mifuko ya maji. Mingi ni ya kuzaliwa nayo, haina neno. Mmoja tu ndio wenye historia kubwa katika Afrika Mashariki, nao wastahili kuelezwa kirefu, kwa maana unaonyesha hoja yangu kuliko mfano wowote wa Ulaya.

Wafugaji wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wamekuwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani na ugonjwa wa mifuko ya tegu wa mbwa. Tegu huyu mdogo huishi matumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza, mtoto wa tegu hujijengea mfuko wa maji, mara nyingi katika ini. Mfuko hukua polepole, miaka kwa miaka, ukazaa vifuko vingine ndani yake, hadi tumbo la mgonjwa likawa kama la mja mzito. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania nao wanaujua ugonjwa huu. Si saratani, lakini hauchezewi: mfuko ukitobolewa ovyo, maji yake yaweza kumwangusha mtu papo hapo kwa mshtuko wa mzio, na mbegu zilizomwagika huota upya katika tumbo zima.

Katika miaka ya 1980 wataalamu waliofanya kazi Turkana pamoja na shirika la AMREF walichukua mashine ndogo ya ultrasaundi inayobebeka, wakawafuata wafugaji walipo badala ya kuwangoja hospitali. Mwaka 1987 Macpherson na wenzake walichapisha katika Lancet matokeo ya kulinganisha picha hizo na kipimo cha damu. Picha ilishinda. Iliwagundua watu wenye mifuko ambao damu yao haikuonyesha dalili yoyote. Yafaa tulitafakari jambo hilo: chombo kilichohesabiwa kuwa cha hospitali kubwa za mijini kilifanya kazi yake bora katika nchi kame isiyo na umeme, kwa watu wasio na makazi ya kudumu. Anayesema kwamba ultrasaundi haiwezi kufika Buswelu, penye lami na makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, aeleze iliwezaje kufika Turkana.

Tena ni huko huko katika ugonjwa huu ambako sindano ilipata heshima yake. Tangu miaka ya 1980 madaktari wamejifunza kuutoboa mfuko huku wakiangalia ncha ya sindano katika picha, wakavuta maji, wakaingiza dawa ya kuua mbegu, wakaivuta tena, mgonjwa akiwa tayari amekwisha kupewa albendazoli. Sindano ile ile ambayo gizani ingeua, penye mwanga wa picha inaponya. Kwa hiyo sipingi sindano wala kisu. Napinga mpangilio uliogeuzwa.

Na picha hiyo ni nini? Hapa mwalimu wa fizikia anaweza kulifanyia somo hili kazi bila senti moja. Mwanza ni mji wa majabali. Mwanafunzi akisimama mita 170 mbele ya jabali kubwa lililo wima akapiga makofi, mwangwi utamrudia baada ya sekunde moja, kwa sababu sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, nayo imekwenda na kurudi. Akiujua muda, anaujua umbali bila kulifikia jabali. Ultrasaundi hufanya hivyo hivyo, ila kwa sauti ya mitetemo mamilioni kwa sekunde, ambayo sikio haliwezi kuisikia kwa kuwa mwisho wa sikio ni mitetemo kama 20,000. Katika nyama laini ya mwili sauti huenda mita 1,540 kwa sekunde. Kitu kilicho sentimita 10 ndani hurudisha mwangwi baada ya sekunde 13 katika 100,000 tu. Mashine hukusanya miangwi hiyo na kuichora. Maji hayarudishi mwangwi, basi mfuko wa maji huonekana mweusi. Hemanjioma ndogo, yenye kuta nyingi za vijishipa, hurudisha mwingi, ikang'aa nyeupe. Ya tegu huonyesha vifuko ndani ya mfuko. Hakuna mionzi yenye madhara, wala mgonjwa halipi kwa maumivu.

Ni kweli kwamba ultrasaundi haitoshi kila mara. Hemanjioma kubwa hupoteza ule weupe wake na kuwa na madoadoa, ikafanana na saratani. Hapo mgonjwa hupelekwa kwenye mashine ya CT au ya MRI, akadungwa dawa ya kuonyesha damu inakopita. Katika hemanjioma dawa huanza kujaa kwa mafungu pembezoni, kisha polepole huingia katikati, kama maji yanavyoingia katika jaruba la mpunga kutoka kingoni. Saratani ya ini kwa kawaida hufanya kinyume: huijaza dawa upesi na kuiachia upesi. Pamoja na picha hupimwa damu kutafuta virusi vya homa ya ini na ile protini ambayo saratani nyingi za ini huimwaga katika damu. Kipimo hicho cha protini si hakimu wa mwisho, maana zipo saratani zisizoitoa. Lakini picha, damu na maelezo ya mgonjwa vikikubaliana, daktari hana haja ya kukata kipande ili ajue.

Wapo wenye kudhani kwamba mpasuaji akisema "tusikate" ni kwa sababu hawezi. Historia ya upasuaji wa ini yatosha kuwajibu. Mwaka 1888 Carl Langenbuch wa Berlin alieleza jinsi alivyokata sehemu ya ini la mwanamke kwa mpango, mgonjwa akatokwa damu baadaye, ikabidi tumbo lifunguliwe tena, akapona. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, aliyefanya kazi Glasgow, alieleza jinsi ya kuibana kwa vidole mishipa yote iingiayo katika ini ili kupunguza damu wakati wa kushona. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud alionyesha kwamba ini lina vipande 8, kila kimoja na mishipa yake, na hivyo kipande kimoja chaweza kuondolewa bila kuwaua jirani zake. Ongeza hapo uwezo wa ini kuota tena: mtu mwenye ini zima aweza kuondolewa zaidi ya nusu yake na likarudia ukubwa wake katika majuma na miezi. Kwa hiyo kisu kipo, na kimenolewa. Hemanjioma inayomtesa mtu kwa maumivu yasiyokwisha, au inayobana tumbo la chakula asiweze kula, huweza kukwanyuliwa kutoka katika ini kwa kufuata ukingo wake. Lakini yule asiye na taabu yoyote, ambaye uvimbe wake uligunduliwa kwa bahati tu alipopimwa mimba, akatwe kwa sababu gani? Hatari ya nusukaputi na ya kutokwa damu ingekuwa kubwa kuliko hatari ya kitu kinachoondolewa.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita haraka. Madaktari wengine, tena wenye uzoefu, husema: kungoja na kutazama ni tiba ya watu wanaoweza kurudi. Mama wa Buswelu mwenye watoto 6 na shamba la mihogo ukimwambia arudi baada ya miezi 6, hatarudi. Nauli itakosekana, au atapona hofu na kusahau. Basi afadhali umkate akiwa yuko mikononi mwako. Hoja hii ina ukweli wa maisha ndani yake. Lakini naiona imeweka mzigo mahali pasipo pake. Kama shida ni nauli na usahaulifu, dawa yake ni kupunguza safari, si kupunguza ini. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando, ambayo tangu mwaka 1971 imesimama juu ya kilima chake ikiwapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, aende kwa ajili ya yale yasiyowezekana kwingine: CT, ushauri wa mpasuaji, na upasuaji wenyewe. Kule kutazamwa tu kama uvimbe umekua au la kungeweza kufanyika katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, siku ambayo amekuja kumpima mtoto uzito.

Nasema "kungeweza", kwa maana mashine peke yake haioni kitu. Ultrasaundi ni chombo kinachotegemea mno mkono na jicho la anayekishika. Mashine mpya mikononi mwa mtu asiyefundishwa hutoa hofu mpya tu. Nimewahi kuona karatasi ya majibu iliyoandikwa maneno mawili, "uvimbe ini", bila kipimo, bila kusema uko upande gani, bila kusema ni maji au nyama. Karatasi ya namna hiyo ni uaguzi uliopigwa muhuri. Kama fedha ni chache, na daima ni chache, mimi ningezigawa hivi: nusu kwa mashine za kawaida zisizo za fahari, na nusu nyingine kwa mafunzo ya miezi mingi ya maofisa tabibu na wauguzi watakaozitumia, pamoja na njia ya kutuma picha yenye utata kwa bingwa aliye mjini, jambo ambalo simu za leo zinaliweza.

Kuhusu waganga wa jadi, sioni faida ya kuwatukana darasani. Mwanafunzi ambaye babu yake ni mganga atafunga masikio. Afadhali aonyeshwe mchoro wa ini na unene wa ngozi, misuli na kuta za tumbo zilizo mbele yake, kisha aulizwe chale yenye kina cha milimita 2 itaufikiaje uvimbe uliojificha nyuma ya mbavu. Atajibu mwenyewe. Na aulizwe pia wembe ule ule ukipita kwa watu watatu waweza kubeba virusi gani. Jibu mojawapo litakuwa homa ya ini aina ya B, yaani mzazi wa ile saratani iliyokuwa inaogopwa.

Kwa mgonjwa mwenyewe, neno la mdomo halitoshi. Waswahili walipozungumza juu ya kukatwa maini kwa neno hawakuwa na habari ya mashine za CT, lakini neno moja la daktari lisiloeleweka hukata maini kweli. Mgonjwa adai karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye mambo manne: aina ya uvimbe inayodhaniwa, ukubwa wake kwa sentimita, upande wa ini uliko, na tarehe. Bila tarehe na sentimita hakuna atakayejua mwakani kama umekua. Karatasi hiyo isiachwe hospitali. Irudi Buswelu, iwekwe katika bahasha ile ile yenye hati ya kiwanja na vyeti vya shule vya watoto.